Kodi ya miezi sita yamega mtaji wa shamba

MAKAMBAKO ni njia panda. Barabara kuu iendayo Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita mjini. Anayefuata biashara ya mbao, viazi au mahindi huanzia chumba cha kupanga, kwa kawaida kwa mtu binafsi.

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, halitoshelezi mahitaji. Vyumba vingi hujengwa kidogo kidogo kwa fedha za mazao, bila mkopo wa benki. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita ili anunue bati na saruji. Mpangaji amegeuka benki isiyolipwa riba.

Tatizo ni msimu. Chumba cha Sh40,000 kwa mwezi humaanisha Sh240,000 kwa mkupuo. Zikidaiwa Novemba, mvua zinapoanza, hizo ndizo fedha za mbolea.

Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kilichobaki ni mapatano. Mpangaji anayelima aombe mkataba wa maandishi: kidogo wakati wa kupanda, salio baada ya mavuno.