Nyumba Nne na Baraza Moja

Haya, wajukuu, sogeeni. Jana niliwasikia hapa Kivinje, redio imefunguliwa, taarabu ya Unguja inalia, na mmoja wenu akauliza: "Bibi, mbona hawaanzi?" Walikuwa wameshaanza kitambo. Ninyi mlikuwa mnamngoja mwimbaji.

Taarabu ya kale hufunguliwa na muziki usio na maneno. Kuna bashrafu, na kuna ndugu yake, samai, mwenye mapigo kumi. Zilitoka kwa Waturuki, zikapita Misri, zikafika Unguja. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu aitwaye Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze kanuni, chombo kile cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikazaliwa 1905.

Sasa tegeni masikio. Samai ina sehemu nne, na kila moja huitwa khana, neno la Kiajemi, maana yake nyumba. Baada ya kila nyumba hurudi kipande kilekile kiitwacho taslimu. Naam, ndiyo taslimu ya "fedha taslimu": kitu unachokabidhiwa mkononi. Basi wazieni mtaa wetu huu wa majumba ya mawe. Mnaingia nyumba ya kwanza, mnatoka, mnakaa barazani. Mnaingia ya pili, mnarudi baraza ileile. Ya tatu ina ngazi: fidla na filimbi ya nai hupanda juu, tuni inahama, na msikilizaji hupotea kidogo. Msiogope, hapo ndipo patamu. Mara, taslimu! "Kumbe tumerudi palepale!" Ukisema hivyo moyoni, umekwisha kuisikia samai.

Nyumba ya nne ni ya watundu. Ngoma ya dumbak iliyokuwa ikihesabu kumi, mara nyingi humo hugeuka ikahesabu tatu tatu, na miguu yenu itajua kabla ya masikio. Kisha kumi zinarudi, taslimu ya mwisho, kimya.

Wazungu nao wana muziki wa kutoka na kurudi, minueti, uliokuwa wa kuchezwa ngoma majumbani mwa wakubwa. Mozart aliutia katika simfoni yake ya 40, ya mwaka 1788. Muziki wenyewe ni wa tatu tatu tangu mwanzo: minueti inatangulia kwa ukali, katikati inaingia trio, laini, halafu minueti inarudi. Wakati wa kwenda, kila kipande hupigwa mara mbili. Wakati wa kurudi, kwa kawaida mara moja tu, kama mtu aliyekwisha kuijua njia. Ni muziki mzuri, sikatai. Ila hurudi barazani mara moja, na mimi nimezoea kurudi mara nne.

Leo usiku redio ikifunguliwa, samai ikianza, hesabuni taslimu kwa vidole. Ikifika ya nne, niamsheni. Mwimbaji wenu ndiye anayefuata.