Sambaza, ndakala ao dagaa? Namna maneno yanafanya tovuti ionekane kwenye Google

Katika miji ya Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, wachuuzi, koperative na mashirika mengi wamejitengenezea tovuti. Kila mwaka wanalipia jina la tovuti na nafasi yake kwenye intaneti, kisha wanangojea wateja. Lakini simu hailii. Mara nyingi shida haiko kwa bei wala kwa mali yenyewe. Shida ni kwamba wakati mutu anatafuta ile mali kwenye telefone yake, ukurasa wa muuzaji hauonekani.

Hapo njo kunatokea mutu mwingine, mwenye kuuza «nafasi ya kwanza kwenye Google» kwa dola. Kujua namna maneno ya ufunguo yanafanya kazi kunaweza kuleta wateja, na pia kulinda mufuko.

Google inasoma namna gani?

Google ilianzishwa mwaka wa 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wengi wanafikiri kwamba mutu akiandika neno, Google inakimbia intaneti yote mara moja. Sivyo. Programu zake zinatembelea kurasa mbele ya wakati, zikifuata viungo toka ukurasa mumoja mpaka mwingine, na zinaandika kila neno pamoja na kurasa zenye neno hilo. Ni sawa na orodha ya maneno yenye inawekwa mwisho wa kitabu: neno liko hapa, ukurasa wake ni huu.

Kwa hiyo mutu akiandika «sambaza Bukavu», Google inaangalia katika orodha yake kurasa zenye kuzungumzia vyote viwili. Ukurasa wenye haukutaja hata moja hauna nafasi kubwa.

Lakini maneno hayana uzito sawa. Mwaka wa 1972, mwanasayansi Mwingereza Karen Spärck Jones alionyesha kwamba neno lenye kupatikana katika maandishi mengi halisaidii sana kutofautisha, lakini neno la nadra linasaidia zaidi. «Bei», «bora» na «kuuza» viko kila pahali. «Sambaza», «Idjwi» ao «Minova» vinaonyesha hasa kitu ao pahali gani.

Maneno ya muuzaji ao ya muteja?

Tuchukue mufano wa mutu anayeuza samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kwa kutaka heshima, kwenye tovuti yake anaandika kwa Kifaransa «produits halieutiques de qualité». Katika soko ya Kadutu hakuna muteja anayeuliza hivyo. Muteja wa Bukavu anasema sambaza. Kule Uvira wanazungumza juu ya ndakala, ngambo ya Burundi ndagala, na Kigoma dagaa. Mwenye kuandika kwa Kifaransa anatafuta fretins. Samaki hao hawako aina moja kabisa, lakini ni wa jamaa moja, na muteja anaandika jina lenye anajua nyumbani kwao.

Kuna tena mutego mwingine. Katika Kiswahili cha Kenya na Tanzania, «sambaza» ni kueneza kitu, na kule Kenya ni pia jina la huduma ya kutumiana kredi ya simu. Ukurasa wenye neno hilo peke yake unachanganyika na hizo zote. Ni vilevile kwa majina ya miji yetu: «goma» katika luga ya Kihispania ni mpira ao gundi, na Beni ni pia jina la jimbo moja la Bolivia. Kwa hiyo maneno mawili ao matatu pamoja yanafaa kuliko moja: «sambaza kavu Ziwa Kivu», «hoteli Beni Kivu ya Kaskazini».

Ni kweli kwamba Google imejifunza kuelewa maana na maneno yanayofanana, zaidi tangu mwaka wa 2019. Lakini machine inajifunza kupitia maandishi, na kwa luga zenye maandishi machache kwenye intaneti msaada huo ni mudogo. Ni vizuri mwenye tovuti aandike mwenyewe majina yote mawili ao matatu yenye wateja wake wanatumia.

Wapi kuyaweka?

Pahali pa kwanza ni kichwa cha ukurasa. Tovuti nyingi za kwetu zina kichwa «Karibu» ao «Accueil», na hicho hakimwambii mutu kitu. «Sambaza kavu za Ziwa Kivu, Bukavu» kinasema yote. Kisha kuna vichwa vidogo, mistari ya kwanza, na maelezo mafupi yenye kufuatana na picha. Wauzaji wengi wanaweka bei, mutaa na majina ya mali ndani ya picha ya tangazo tu. Yafaa hayo yote yaandikwe pia kwa maandishi ya kawaida.

Ukurasa uwe pia mwepesi. Google inasoma zaidi sura ya ukurasa yenye kuonekana kwenye telefone. Na mutu mwenye kununua mega hangojei picha nzito ifunguke.

Kurudilia neno hakusaidii

Zamani watu walirudilia neno moja mara mia, ao waliandika maneno meupe juu ya karatasi nyeupe ili machine peke yake iyaone. Leo Google inakataza mambo hayo, na ukurasa unaweza kushushwa ao kuondolewa kabisa. Vilevile, orodha ya maneno ya ufunguo yenye kufichwa ndani ya kodi ya ukurasa haina faida: mnamo Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haiitumii kwa kupanga nafasi. Kuna wenye wangali wanaiuza mpaka leo.

Maneno peke yake hayatoshi. Tovuti zingine zenye kuaminiwa zikiweka kiungo kuelekea ukurasa fulani, ni sawa na ushuhuda wa wazee juu ya mutu. Lakini ushuhuda wa kununua ni hatari, maana Google inauazibu.

Mbele ya kulipa

Google yenyewe inasema hakuna mutu anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Matangazo ya kulipia ni kitu kingine: yanawekwa alama, na pesa ikiisha yanatoka. Kwa hiyo, mutu akikuja kuuza kazi hiyo, kuna maulizo matatu. Atatumia maneno gani, na sababu gani hayo? Atabadilisha nini ndani ya kurasa? Jina la tovuti na neno la siri vitabakia mikononi mwa nani? Chombo Search Console, cha bure, kinaonyesha mwenye tovuti maneno yenye watu waliandika mpaka wakaona ukurasa wake. Asiyetaka mwenye mali akione ni wa kuogopa. Matokeo nayo yanaweza kuomba wiki ao miezi.

Jambo hili halihusu biashara tu. Wakati wa Ebola kule Beni na Butembo, toka 2018 mpaka 2020, uvumi ulikimbia mbio sana. Mama mwenye kutafuta dalili za ugonjwa kwa Kiswahili anapata tu kile chenye mutu fulani aliandika kwa Kiswahili. Kama wenye kujua wanaandika kwa maneno ya ripoti peke yake, nafasi ya juu inabakia kwa wenye kuandika uongo kwa maneno ya watu.