Dola 10 kwa kitabu cha bure

Wenzangu, mimi niko mtu wa jembe, sikusoma informatiki. Lakini wakati wa kazi ya kumaliza licence nilikuwa na fishi za wakulima kwenye ordinateri: jina, kijiji, namba ya simu, ukubwa wa shamba. Ikiibiwa, mwizi anajua nani iko na nini na anakaa wapi. Huku kwetu munajua hiyo inaweza kuleta nini. Njo nikaanza kutafuta namna ya kuzifunga kwa kode.

Kijana mmoja akaniuzia "silabusi" ya dola 10. Kumbe ni FIPS 197, kanuni ambayo NIST ya Marekani ilitoa mwaka 2001, na iko bure kwenye tovuti yao! Inaeleza AES, njia iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen.

Hesabu zisikuogopeshe. AES inakamata data kipande kwa kipande, baiti 16, inazipanga 4 kwa 4 kama miche kwenye kitalu. Inabadilisha kila baiti kwa kufuata jedwali, inasogeza mistari, inachanganya safu, inaongeza ufunguo. Kwa ufunguo wa biti 128 kuko mizunguko 10, kwa biti 256 mizunguko 14. Mwishoni mwa kitabu kuko mfano wa hatua zote. Chukua karatasi, fanya kwa mkono, linganisha. Mimi ilinikula siku mbili, juu nilikuwa nasogeza mistari kuume, kumbe ni kushoto.

Sasa, AES inafunga kipande kimoja tu. Faili nzima inaomba modi, na hizo ziko katika SP 800-38A, bure pia. Ya kwanza mule, ECB, inafunga kila kipande peke yake. Nilijaribu na orodha yangu, kila kijiji kwenye baiti 16 zake. Majina yalifichika vizuri, lakini wakulima wote wa kijiji kimoja walitoka na kode ileile. Ukijua mmoja anakaa wapi, umejua wote.

Nikahamia GCM, ya SP 800-38D. Hiyo inaficha, na tena inakuonyesha kama mtu aligusa faili. Ila namba ya kuanzia isirudiwe hata mara moja na ufunguo uleule.

Kode niliyoandika mwenyewe ilibaki ya mazoezi. Fishi za wakulima nilizifunga na programu ambayo wengi wamekwisha kuipima, na ufunguo hauko kwenye ordinateri ile.