Kujuana Tena

Mwezi wa Desemba hapa Milimani, Kisumu, nyumba nyingi hupokea wana waliotoka Nairobi na ng'ambo. Husalimiana, hula samaki, kisha maongezi huisha upesi. Waingereza wanacho kitenzi cha haja hiyo, nacho ni reacquaint, na leo twapenda kukichambua.

Shina lake ni la Kilatini, cognoscere, yaani kupata kujua. Wafaransa wa kale waliligeuza likawa acointier, na Waingereza wakalipokea karne ya 13. Kipande cha mbele, re-, maana yake ni "tena", nacho kilibandikwa karne ya 17. Kiswahili chetu hakina kipande kama hicho; twasema tu "tena" au "upya". Lakini tuna ile -ana ya mwisho, nayo yatudai zaidi. Kujua ni kazi ya mtu mmoja, kujuana huhitaji wawili. Kijaluo nacho ni vivyo hivyo: ng'eyo ni kujua, ng'eyore ni kujuana.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yakitumia kitenzi hicho, bila ile "tena", katika Ayubu 22:21, Elifazi anapomhimiza Ayubu afahamiane na Mungu. Shauri ni jema. Lakini mtazameni msemaji! Katika 2:12 yeye na wenzake walimwona rafiki yao kwa mbali wasimtambue. Wakaketi naye siku saba kimya (kwa maoni yetu, hizo ndizo siku zao bora), kisha wakaanza kumweleza Ayubu yeye ni nani. Hawakumjua upya, walimhukumu mtu waliyemdhania.

Ndivyo ilivyo mezani petu. Baba humwuliza mwana wa miaka 30 maswali ya mtoto wa shule. Mwana naye huongea na mama kana kwamba macho ya mama bado yaweza kutunga uzi sindanoni. Ni nani kati yetu aliyeuliza, "Mwaka huu umekupitiaje?" kisha akanyamaza asikie?

Ayubu alilalamika, 19:13, kwamba waliomjua wamekuwa wageni kwake. Katika 42:11 walikuja, ndugu zake, dada zake na wote waliojuana naye zamani. Wakala chakula nyumbani mwake, wakamsikitikia, wakamfariji. Fedha na pete za dhahabu walizitoa mwisho.