Mishipa inayojipima yenyewe

Umekwisha kubeba bidoni ya maji yenye kishikio cha waya toka kisimani mpaka nyumbani? Unapoitua, vidole viko baridi, vimekufa ganzi. Kisha kidogo moto unaingia, vinapiga kama ngoma, na kwa muda vina joto kuliko vya mukono mwingine. Nani ameviletea damu nyingi vile? Si moyo peke yake. Mishipa midogo ya vidole ilisikia njaa ya damu, ikajilegeza yenyewe ili deni lilipwe.

Katika mwaka 1902, Muingereza William Bayliss alionyesha upande wa pili: damu ikisukuma mushipa kwa nguvu, mushipa unajikaza, hata kama umekatwa na neva zake. Njo maana ukilala, ukisimama, ubongo wako unapata karibu kipimo kile kile.

Sasa habari inayogusa watu wa mugodi. Alfred Nobel alitengeneza dinamiti mwaka 1867 kwa kutumia nitrogliserini. Katika viwanda vya dinamiti wafanyakazi waliumwa kichwa sana siku ya Kwanza ya kazi, halafu mwili ulizoea. Wakipumuzika siku ya Mungu, kesho yake kichwa tena! (Nazani bibi wengine walisema: «Ni pombe ya jana ile.») Kumbe nitrogliserini ilipita katika ngozi na pumzi, ikalegeza mishipa ya kichwa.

Mwaka 1879 munganga William Murrell wa London aliandika namna ilivyosaidia wagonjwa wanaobanwa kifua sababu ya moyo. Nobel mwenyewe, alipougua moyo, aliandikiwa dawa hiyo hiyo. Na mwaka 1998 zawadi yenye jina lake ilipewa Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, kwa kuonyesha kwamba hewa inayoitwa oksidi ya nitriki inaambia mushipa: legea.

Kama baba au mama yako ana tansio, sikia hili. Mishipa ya ubongo wake imekwisha kuzoea musukumo mukubwa. Akimeza vidonge vitatu mara moja «ili tansio ishuke leo leo», musukumo unaweza kuanguka chini ya kile mishipa inachoweza kusawazisha, na ubongo ukakosa damu: kizunguzungu, kuanguka, hata kupooza. Munganga akisema kimoja, ni kimoja. Na kama alisahau cha jana, leo ameze cha leo tu.