Sura ya Tatu: Mkaa Uliokolea

Sura hii ilikusudiwa ianze na magari, ipite viwandani, iishie jikoni. Magari nayamaliza upesi: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Ilisaidia, ingawa lori bovu ni bovu tu hata ulijaze mafuta safi. Viwanda vitasubiri, maana kila nikisema napima hewa, kuna mtu ataniambia: "Mbaya ni moshi wa kuni. Mkaa ukishakolea hauna neno, ingiza tu ndani."

Una neno, tena zito.

Chutama mbele ya jiko la mkaa giza linapoanza kuingia, utazame juu ya makaa. Utaona vindimi vya buluu. Hiyo ni kaboni monoksaidi inaungua. Hewa huingia kwa mlango wa chini, oksijeni yake ikaungana na makaa ya chini kuwa kaboni dayoksaidi. Hiyo nayo hupanda ikipenya katikati ya makaa mekundu, ambayo huipokonya sehemu ya oksijeni yake. Kwa kila molekuli iliyopanda zinatoka mbili za kaboni monoksaidi. Zikikuta joto la kutosha huko juu, zinaungua kwa rangi ile. Joto likipungua na majivu yakitanda, vindimi vinakufa, lakini gesi inaendelea kutoka bila kuungua. Na hapo ndipo mtu wa Njombe au Makete, kwa baridi ile ya Julai, husema jiko limetulia, akaliingiza chumbani na kufunga madirisha.

Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania himoglobini kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anadhani ni malaria, anajilaza. Kesho yake familia ikikutwa imekufa, anatafutwa mchawi. Mchawi gani huyu anayechagua nyumba zenye jiko ndani, tena msimu wa baridi tu?

Beseni la maji kando ya jiko halisaidii. Gesi hii huyeyuka majini kidogo mno. Maziwa nayo huenda tumboni, wakati sumu imepitia mapafuni na iko kwenye damu. Na wale wa mjini wenye vyungu vya maua vya "kusafisha hewa" wajue vingehitajika vingi hadi wakose pa kukanyaga.

Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa sasa, ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, mtoe nje, mkimbize hospitali akapewe oksijeni, na umwambie daktari kwamba jiko lilikuwa ndani. Kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kusoma 98 huku mgonjwa anakata roho.