Mzigo wa Mgeni, Mgongo wa Mwenyeji

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno hayo ni mema, lakini yana sharti ndani yake: ugeni ni neema pale tu mwenyeji anapopona. Mgeni akija, akafurahi, akaenda zake, naye mwenyeji akabaki na mgongo unaouma na mfuko mtupu, basi ugeni huo hatuna budi kuutafutia jina jingine.

Twasema hayo kwa ajili ya mlima Kilimanjaro. Kila mwaka maelfu ya watu hutoka Ulaya, Marekani na kwingineko kuja kuupanda mlima huo wenye kimo cha mita 5,895, ambao hakuna unaoushinda katika Afrika. Wengi wao ni watu wema. Siku hizi huulizana wao kwa wao jinsi ya kutembea katika nchi changa pasipo kuiharibu wala kuwadhulumu watu wake. Swali hilo ni la heshima, nasi twalijibu waziwazi: mgeni atazame kwanza mgongo wa mpagazi wake.

Kazi ya upagazi si ya jana. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na wengineo walichukua pembe za ndovu toka bara hata Bagamoyo. Mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo, mizigo ya safari yao ilichukuliwa na Waafrika, ijapokuwa sifa iliwaendea wao wawili. Tangu hapo mengi yamegeuka. Mwezi Desemba 1961 bendera yetu ilisimamishwa kileleni na Mwenge wa Uhuru ukawashwa. Lakini hema, vyakula, meza na mitungi ya gesi ya wageni vingali vinapanda kwa kichwa na bega la binadamu.

Katika njia ya Machame, ambako wageni hulala katika mahema, mgeni mmoja huhitaji mara nyingi wapagazi watatu au zaidi. Asubuhi mgeni hutangulia; mpagazi hubaki akikunja hema, kisha humpita njiani ili kambi iwe tayari kabla mgeni hajafika. Sheria ya hifadhi yasema mzigo wake usizidi kilo 20, na mizani iko langoni. Sheria hiyo ni njema. Lakini mpagazi mmoja akirudishwa baada ya kuupita mizani, mzigo wake huenda juu ya wenzake.

Yafaa basi tujiulize: safari ya bei ndogo mno huwezekanaje? Ada za hifadhi kampuni haiwezi kuzipunguza. Gari na mafuta vina bei yake. Chakula cha mgeni hakiguswi, maana mgeni atalalamika. Kilichobaki ni ujira wa mpagazi, chakula chake na mahali pake pa kulala. Hapo ndipo urahisi unapotoka. Mgeni hajui kwamba fedha alizookoa zimetolewa na mtu aliyelala katika baridi kali pasipo koti la kutosha.

Kwa hiyo mgeni mwenye nia njema aulize kabla ya kulipa: Mpagazi hupata kiasi gani kwa siku, na hulipwa lini? Hula mara ngapi? Hulala wapi? Bakshishi hugawanywa hadharani, kila mtu akijua fungu lake? Kampuni ya haki haitaona haya kujibu. Tangu mwaka 2003 uko mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, ambao huwaazima nguo za baridi bila malipo. Twaushukuru. Lakini koti la kuazima si badala ya ujira.

Na taka je? Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na amri hiyo humhusu mgeni kama mwenyeji. Kila kilichopandishwa mlimani sharti kiteremshwe, lakini uzito wake nao uhesabiwe katika zile kilo 20.

Twawageukia sasa wenzetu wenye makampuni. Mwananchi anayemdhulumu mwananchi hana udhuru wa kusema kwamba mgeni ndiye aliyetaka bei rahisi. Na kwa wapagazi twasema: wakulima wa kahawa wa mlima huo huo waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, kwa kuwa mkulima mmoja peke yake hawezi kushindana na mnunuzi. Mpagazi mmoja akikataa ujira mdogo, yuko mwingine langoni atakayeupokea. Wakikataa wote pamoja, ni lazima tajiri asikilize.

Mgeni apande, ashuke, arudi kwao salama na habari njema. Lakini mpagazi naye ashuke salama, na ujira wake wote uwe mkononi.